Stendi ya tangi la samaki si kabati la runinga

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji tuseme na watu wa aina mbili: wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani, na mafundi seremala wanaopelekewa picha kwenye simu na kuambiwa "nitengenezee stendi kama hii". Picha inaonyesha milango, rangi na vishikizo. Haionyeshi mguu umekaa wapi chini ya mbao ya juu, na kazi yote iko hapo. Fundi asiyeambiwa uzito hutengeneza anachokijua, yaani kabati la runinga. Runinga ya inchi 55 ina kilo kama 15 hadi 20. Tangi kubwa la samaki ni jambo jingine kabisa.

Tuanze na kilo, kwa sababu lita zinadanganya. Chukua tangi la sentimita 180 kwa 60, kimo 60, ambalo ndilo wengi hulifikia wakitaka kuweka samaki wa Ziwa Tanganyika kama frontosa, samaki anayepita sentimita 30 akikomaa na asiyependa kubanwa. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi hilo linakula karibu mita 4 za mraba. Tangi tupu, basi, ni kilo 120. Maji yakiishia sentimita 5 chini ya ukingo ni lita 550. Ukimwaga mchanga kilo 80 na kupanga mawe kilo 100, maana samaki hao ni wa kwenye miamba, vitu hivyo vinachukua nafasi ya lita kama 70, kwa hiyo maji yanabaki 480. Jumlisha: 120, na 480, na 80, na 100. Weka mfuniko na taa. Ni kilo 800 kwa urahisi, na hatujahesabu stendi yenyewe wala mjomba atakayekuja kuegemea kona akiwa na kikombe cha chai.

Hata hivyo uzito peke yake hauvunji stendi. Mguu mfupi wa msonobari wa mbili kwa nne (yaani inchi mbili kwa inchi nne) ukisimama wima bila kuyumba unabeba zaidi ya tani moja peke yake. Kinachoharibika ni maungio, au mbao ya juu inanesa katikati, au stendi nzima inalala upande.

Maungio kwanza. Njia mbaya, ambayo ndiyo utakayoikuta mara nyingi, ni hii: mguu unapanda mpaka juu, halafu mhimili (ile mbao ndefu ya juu) unabandikwa ubavuni mwake na kukazwa kwa skrubu mbili au misumari mitatu. Hapo kilo zote zinaning'inia kwenye chuma chembamba. Tangi likijaa, skrubu inaanza kuitafuna mbao upande wa chini, tundu la duara linakuwa kama yai, na kona moja inashuka milimita mbili. Skrubu nyeusi za jipsamu ni mbaya kuliko zote. Ni ngumu lakini kavu, hazipindi, hukatika shingo bila kutoa onyo. Misumari nayo hulegea kadiri mbao inavyokauka.

Njia sahihi ni mhimili kukaa juu ya kichwa cha mguu. Kioo kinaikalia plaiwudi, plaiwudi inaikalia mihimili, mihimili inaikalia miguu, miguu inaikalia sakafu. Skrubu kazi yake ni kuzuia vitu visihame, si kubeba. Kuna swali moja la kuuliza mbele ya mchoro wowote: skrubu zote zikichomolewa, tangi litashuka? Kama linaweza kushuka hata nusu sentimita, mchoro huo haufai, hata uwe umechorwa na nani.

La pili ni kunesa. Gawa kilo 800 kwa mihimili miwili, wa mbele na wa nyuma: kila mmoja kilo 400. Mhimili wa msonobari wa mbili kwa nne, uliorandwa ukabaki milimita 45 kwa 95, umesimamishwa kwa ubavu, ukiachwa uvuke sentimita 180 bila mguu wa kati, unanesa karibu milimita 12. Ukitumia mbili kwa sita, milimita 145 baada ya kuranda, unanesa kama milimita 3 na ushee. Ukiilaza mbao bapa, kama wafanyavyo wanaotaka "fremu nyembamba ya kisasa", inanesa zaidi ya mara nne ya ilivyokuwa imesimama. Sababu ni kwamba ugumu wa mbao unafuata kimo chake kuliko upana wake: kimo kikiwa mara mbili, ugumu unakuwa mara nane.

Na hiyo ni siku ya kwanza. Mbao inayobebeshwa mchana na usiku huendelea kunesa polepole kwa miezi, na baada ya miaka michache inaweza kuwa imeshuka mara mbili ya mwanzo, hasa huku pwani ambako unyevu hupanda na kushuka. Kioo hakifuati. Ukuta wa kioo wenye kimo cha sentimita 60 ni mgumu kuliko mbao iliyo chini yake, kwa hiyo mbao ikishuka katikati, tangi linabaki limesimama kwa ncha zake kama daraja. Silikoni ya kona za chini inavutwa usiku na mchana. Siku ikiachia, mwenye nyumba husema tangi lilikuwa bovu.

Dawa yake ni ya bei rahisi: mguu wa katikati, mbele na nyuma. Nafasi kati ya mguu na mguu ikipungua nusu, kunesa kunapungua mara 16. Zile milimita 12 zinakuwa chini ya moja, kwa mbao ileile ya mbili kwa nne. Lakini wengi hawajui mguu huo unabeba kiasi gani. Hudhani ni wa msaada tu, wakauweka mwembamba au wakauchomeka mwishoni. Kwenye mhimili mmoja usiokatwa wenye miguu mitatu, katika zile kilo 400, miguu ya pembeni inabeba 75 kila mmoja, na wa katikati unabeba 250. Ndio mbebaji mkuu. Ukiwa mfupi kwa milimita mbili haubebi kitu mpaka mhimili unese uufikie. Ukiwa mrefu kwa milimita mbili, tangi linaukalia kama pembea ya watoto. Kwa hiyo miguu yote sita ifungwe pamoja kwa klampu ikatwe kwa mara moja, au weka kizuizi kwenye meza ya msumeno na usikiguse mpaka mguu wa sita utoke. Kupima kila mguu kwa futi kamba na kuuchora kwa penseli hakutoshi. Unene wa penseli tu ni nusu milimita.

Wenye sampu (chombo cha kuchujia maji) chini ya tangi hulalamika kwamba mguu wa kati wa mbele unawazuia kuiingiza. Ni kweli. Iingizeni kwa ubavuni kabla ya kufunga ubao wa upande, na ubao huo mmoja msiugundishe, ukazwe kwa skrubu tu ili siku ya kuitoa ufunguke. Asiyetaka mguu kabisa atumie mbili kwa nane mbele na nyuma. Zote mbili, tafadhali. Tumeshaona mchoro wenye mbao nene mbele na mguu wa kati nyuma: upande mmoja unanesa na mwingine haunesi, na tangi linasokotwa.

Sasa vipimo, kwa stendi ya kimo cha sentimita 80, ili fundi asibaki kukisia; urefu usiotajwa kipimo ni sentimita. Mbao za mbili kwa nne: mihimili miwili ya 180, mbao tano za kukingama juu, za 51, zinazoingia kati ya mihimili, miguu sita ya 68.7, mbao nne za chini za 75.7, zinazoingia kati ya mguu na mguu mbele na nyuma. Na tatu za kukingama chini, za 51. Mbao tano za futi 12 zinatosha, na ya tano inabaki zaidi ya nusu, akiba kwa ajili ya vifundo na kukosea. Mbao mbili za mbili kwa mbili za futi 12 zikatwe vipande sita vya 77. Plaiwudi ya milimita 18, shiti moja, inatoa ubao wa juu wa 180 kwa 60 na rafu ya chini ya kipimo hichohicho, ambayo utaipunguza kwenye pembe iipishe miguu. Plaiwudi ya milimita 12, shiti moja pia: ikate kwa mapana kila sentimita 75, upate vipande vitatu vya 122 kwa 75. Viwili vipunguze viwe 90 kwa 75, ndiyo mgongo, na vinakutana katikati ya mguu wa kati wa nyuma. Cha tatu kigawe viwe viwili vya 60 kwa 75, ndizo pande. Skrubu za mbao za inchi 3, zilizopakwa zinki, takriban 120. Za inchi moja na nusu, 100. Gundi iwe ya kustahimili maji. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa, na stendi ya tangi la samaki italowa tu.

Tahadhari moja kabla ya kukata: "mbili kwa nne" ya duka la mbao si mara zote mbili kwa nne. Nenda na futi kamba. Ukikuta mbao inatoka pungufu, au randa imekula zaidi, rekebisha urefu wa miguu na zile 51 kufuata mbao uliyonayo mkononi. Vilevile pima tangi lenyewe kwa chini, si lile la kwenye risiti. Mafundi wa vioo hupishana milimita tatu nne, na kioo kisining'inie nje ya ubao hata upande mmoja.

Kuunganisha huanza na fremu ya juu, sakafuni. Laza mihimili, weka mbao za kukingama: mbili mwishoni, moja katikati, mbili kwenye robo. Ile ya katikati isogee kidogo kando ili mguu wa kati upate nafasi ya kipande chake cha mbili kwa mbili. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3 kabla ya skrubu. Mbao ngumu ikikosa tobo hupasuka, na ufa ule hauonekani mpaka vanishi ikauke. Pima kona kwa kona. Kwa fremu ya 180 kwa 60, mshazari ni sentimita 189.7 kila upande. Mishazari ikitofautiana zaidi ya milimita 2, sukuma kona iliyo ndefu kabla gundi haijashika. Kisha geuza fremu juu chini, simamisha miguu sita juu ya mihimili, upana wa mguu ukifuata urefu wa stendi, na ndani ya kila mguu funga kile kipande cha mbili kwa mbili: skrubu nne kwenye mguu, mbili kwenye mhimili, gundi kote. Kipande hicho ndicho kinachoshika mguu usihame, mzigo haukigusi. Mbao za chini zifungwe sentimita 3 juu ya sakafu.

Ukiisimamisha hapo, isukume kwa urefu wake. Itayumba kama meza ya genge, na kuna fundi atakayetaka kuongeza skrubu. Skrubu haziponyi kuyumba. Kinachoponya ni plaiwudi ya mgongo na pande, imepakwa gundi na kukazwa kila sentimita 15 kwenye mhimili, miguu na mbao za chini. Baada ya hapo ukiisukuma unajisukuma mwenyewe. Wanaokata mgongo mzima ili mipira ya kichujio ipite kwa urahisi wameondoa kitu pekee kilichokuwa kinaizuia stendi isilale. Toboa matundu ya duara, inchi mbili, mbali na kingo, yanatosha.

Kuhusu aina ya mbao kuna ubishi usiokwisha, sisi tuna msimamo wetu. Msonobari wa Mufindi unatosha kabisa ukiwa mkavu. Mninga ni mzuri zaidi kwa sababu haujikunji sana ukikauka, lakini ni ghali, na kuuficha chini ya rangi ni dhambi. Mkaratusi una nguvu kuliko msonobari ila ukiwa mbichi hupasuka na kujisokota vibaya; fremu inyooke leo, mwezi ujao iwe imepinda kama bawa la pangaboi. Chipubodi na emudiefu zisitumike popote, hata kwenye rafu. Zikinywa maji huvimba na hazirudi. Mbao zilizowekwa dawa ya kijani ni nzuri dhidi ya mchwa na bungua, ila vaa barakoa ukizikata, usiyachome mabaki yake, wala usiyatumie ndani ya maji: dawa za namna hiyo huwa na shaba, nayo huua konokono na kamba wa tangini.

Ukavu wa mbao hupimwa bila kifaa cha gharama. Kata kipande katikati ya mbao, si mwishoni ambako hukauka mapema, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke juani, kipime tena kila jioni. Kama kila siku kinapungua, mbao bado ni mbichi. Zipange kivulini zikiwa na vijiti katikati, hewa ipite, usubiri. Mteja mwenye haraka asitegemee stendi iliyonyooka.

Tumefika penye jambo ambalo, kwa maoni yetu, huua matangi mengi kuliko uzito: kusokotwa. Kona tatu ziko sawa, ya nne iko chini kwa milimita mbili au tatu. Pima maji ya futi moja haiwezi kulionyesha vizuri. Chukua nyuzi mbili za kushonea. Vuta wa kwanza kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, uubane pembeni kwa misumari midogo. Vuta wa pili kwenye kona zilizobaki, ukipita juu ya wa kwanza. Inama mpaka jicho liwe usawa wa ubao uangalie zinapopishana. Zikigusana kidogo tu bila mmoja kuusukuma mwingine, sasa badilisha: wa juu upite chini. Zikigusana vilevile, ubao wako hauna msokoto. Ukiona mwanga kati ya nyuzi katika jaribio moja, na katika jingine uzi mmoja umeinuliwa na mwenzake, mara mbili ya mwanya ule ndiyo unayotakiwa kuiondoa kwenye kona moja, kwa randa au kwa kuinua mguu. Kazi ya dakika kumi, na uzi ni wa bei ndogo.

Kuinua mguu hufanywa chini, kati ya mguu na sakafu, kamwe si kati ya kioo na ubao. Kipande cha plastiki ngumu au cha kigae ni sawa. Katoni iliyokunjwa si sawa, maana itashuka wiki hiyohiyo. Na kabla ya yote gonga vigae vya sakafu kwa sarafu pale miguu itakapokaa. Panapolia kama ngoma hapana saruji chini yake, na mguu wa kilo 250 utakipasua kigae hicho. Sogeza stendi.

Ghorofani ni habari nyingine. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, zikisambaa chumba kizima. Tangi letu linaweka karibu kilo 800 kwenye mita moja. Si lazima sakafu ianguke, kwa kuwa sehemu nyingine za chumba hazibebi kitu, ila tangi likae kando ya ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya chumba, na mhandisi aulizwe. Kwa wenye nyumba za zamani za Mji Mkongwe au Lamu, ambako sakafu ya juu imelalia boriti za mikoko, hatuna ushauri mwingine zaidi ya kuliweka tangi chini.

Usijaribu stendi mpya kwa maji. Ijaribu kwa saruji. Mifuko 16 ya kilo 50 ni kilo 800 kamili, na mtaani hapakosi mtu anayejenga. Vuta uzi chini ya mhimili wa mbele kutoka mguu wa mwisho hadi wa mwisho, pima nafasi kati ya uzi na mbao pale katikati ya mguu na mguu. Panga mifuko sawasawa, si rundo katikati. Iache siku mbili, pima tena. Ikishuka zaidi ya milimita moja, au kona yoyote ikilia unapoisukuma, kuna mguu haujakaa sawa. Fungua urekebishe. Mfuko ukidondoka unazoa saruji; tangi likidondoka ni lita 500 sebuleni, kwenye nyaya za umeme.

Rangi na vanishi zina mambo mawili ambayo kitabu cha useremala hakikwambii. La kwanza, pwani tunadeki kila siku, na nyuso za chini za miguu hunywa maji ya deki kama utambi. Kabla ya kuisimamisha stendi, zipake vanishi hadi zikatae kunywa, mara tatu au nne, kisha weka kipande cha mpira mgumu chini ya kila mguu. Ndani ya kabati pia pakwe, na ukingo wa ubao wa juu upigwe silikoni. La pili, pampu ya hewa inayokaa ndani ya kabati huvuta hewa ya humohumo na kuipuliza majini. Vanishi ikiwa haijakauka sawasawa, mvuke wake unaenda moja kwa moja kwa samaki. Ukiinusa tu, bado. Iache wiki nzima milango ikiwa wazi, na pampu iwekwe nje hata baada ya hapo.

Siku ya kuliweka tangi, futa ubao kwa mkono mtupu, si kwa kitambaa. Mkono unahisi chembe moja ya mchanga, na chembe moja chini ya kioo chenye mzigo huo ni ufa. Vichwa vya skrubu viwe vimezama ndani ya ubao. Kama tangi halina fremu ya plastiki kwa chini, kama mengi yanayotengenezwa na mafundi wetu wa vioo, tandika povu gumu jeupe la unene wa sentimita moja, kipande kizima bila kiungo. Povu hilo humeza vinundu vidogo, msokoto haliumezi. Tangi lenye fremu ya plastiki lisiwekewe povu, kwa sababu limeundwa kubeba kwa kingo, na povu hulisukuma kioo cha chini juu.

Jaza robo, ngoja saa chache, tazama usawa wa maji dhidi ya ukingo wa juu kwenye kona zote nne. Maji ndiyo pima maji iliyo bora kuliko zote. Tofauti ya milimita tatu kutoka ncha hadi ncha haina neno ikiwa ni mteremko ulionyooka. Ikizidi, toa maji, rekebisha chini ya miguu, anza upya. Usiinue stendi yenye maji kwa jeki, hata robo tu. Nyaya za umeme zining'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayofuata waya yadondoke sakafuni.

Ombi letu la mwisho ni kwa wauzaji wa matangi. Kwenye risiti mnaandika lita na bei. Andikeni na kilo: za tangi tupu, na za tangi likijaa maji na mawe. Karatasi hiyo ndiyo anayoipeleka mteja kwa fundi, na fundi akiona 800 hatachukua mbao za kabati la runinga.

Sisi mafundi seremala na wafugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam